Sauti ya Tano ku Banc ya Verbe

Hapa Butembo, ku kartie yetu, batu bananiitaka Koko Verbe, nyanya wa verbe. Mi nacheka tu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu ya primaire. Baba alisema inatosha, kuya ushike mutoto, na mi nikashika mutoto. Mais kama ulikuwa unatafuta mutu wa kukuanzisha verbe, zile neno za kazi, ya Kiespanyole, ile ya wakati wa sasa, ile haina kichwa nguvu, bote balikuwa banakuonyesha mulango yangu. Sasa nilishaacha. Kazi ni ya nyiye vijana. Mi niko nakaa ku jua na ile meno kidogo yenye ilibakia.

Donc, nyiye benye munataka kuanzisha bengine, mukaribishe masikio. Nitabaambia vile tulikuwa tunafanya kazi, na nitabaambia mambo ya Katungu, juu ata kama sibaambie, mutayasikia ku soko, na ku soko batayaharibu.

Kwanza kazi. Siye, kama tunasema, mutu tunamuweka mbele. Ninaosha, unaosha, anaosha. Mutu anatembea mbele, kazi inamufuata nyuma sawa mbuzi ku kamba. Baespanyole hapana. Bao, kazi njo inatembea mbele, mutu anajificha nyuma, ku mukia. Lavar, kuosha. Unashika kisu, unakata ule mukia ar, sawa unakata mukia ya samaki. Inabakia lav. Sasa unabandika mukia ya mutu. Lavo, mi naosha. Lavas, weye unaosha. Lava, yeye. Lavamos, siye. Laváis, nyiye. Lavan, bao. Imekwisha! Ukijua kuosha, unajua kupika, cocinar, unajua kukata, cortar, unajua kuimba, cantar. Za er ni ndugu yao, na za ir ni badogo ba mwisho, mukia inabadilika kidogo tu. Como, comes, come, comemos, coméis, comen, ni kukula. Ukijua moja, unajua na ingine yenye hauyasikia ata siku moja. Mukumbuke hiyo.

Zile za kichwa nguvu, zenye zinageuza ata tumbo yao, mi nilikuwa naachia Maître. Maître ni mwalimu wa kutoka Kisangani, serikali njo ilimutuma huku. Mutu wa Lingala, mutu wa suruali ya pasi. Mi naanzisha, yeye anamalizia. Hatukugombanaka.

Na miye nani alinianzisha? Masere Remedios. Nilikuwa mupishi ku nyumba ya bamasere, batawa ba kanisa, na yeye alikuwa masere muzee wa kule Espanye. Uzee ulimunyanganya Kifaransa. Asubui moja aliamuka, Kifaransa hapana, Kiswahili nusu nusu, imebakia tu luga ya mama yake. Na nani anashinda naye siku yote? Mupishi. Basi mupishi ajifunze.

Mwanzo mi nilipenda mukia moja tu, ile o, juu ilikuwa tamu mu kinywa. Kila kitu o. Masere anauliza: nani anafagia lupango? Barro. Nani anaosha masahani? Lavo. Nani anauzisha mayai? Vendo. Na nani anakunywa vino ya padri? Bebo! Masere akatosha miwani, akaniangalia murefu.

"Kavira, mu hii nyumba yote, ni weye peke yako unafanyaka kila kitu?"

"Ndiyo, Masere. Ata mi nashangaa."

Alicheka mpaka akakohoa, tukamupatia maji. Kisha akaniambia kitu moja, na mi naiacha kwenu: verbe haifundishwe na kinywa peke yake, ifundishwe na mukono. Tangu ile siku tulisoma paka na kazi. Tukifagia, barrer. Tukipasua kuni, partir. Ile yenye mukono ilifanya, kichwa haisahau.

Kisha Masere Remedios kufariki, bamasere bengine bakaniomba nianzishe babinti benye banajitayarisha kuenda kusoma kule Espanye. Balitoka Butembo hapa, balitoka Beni, bamoja Kayna. Mi nikasema, nitabaanzisha namna gani miye mutu wa jiko? Ku jiko, bakanijibu. Nikacheka, nikakubali.

Nyuma ya jiko kulikuwa banc, kiti ya murefu ya mbao, chini ya mabati, inaangalia bonde. Nikabakalisha babinti sita, kila mumoja na mukia yake. Wa kwanza ni miye, wa pili ni weye, wa tatu yeye, wa ine siye, wa tano nyiye, wa sita bao. Mi nasimama mbele yao na kinu ya sombe, majani ya muhogo. Nashusha mutwangio: tu! wa kwanza anasema. Tu! wa pili. Hapana kuangaliana. Hapana kusaidia mwenzako. Mutu akisahau yake, mutwangio inangojea chini, sombe inangojea, na njaa ya nyumba yote inamungojea. Walai, balijifunza mbio!

Maître aliniambia: "Koko, hivi kila mumoja atajua mukia moja tu."

Nikamujibu: "Mutu mwenye anangojea zamu yake anasikia ya bote."

Akasema: "Tutaona." Tukaona, ilikuwa nusu kweli, nikaanza kubahamisha fasi kidogo kidogo. Mais kila binti alikuwa na fasi yenye alipenda, na mwisho anairudilia.

Fasi ya tano ilikuwa ya Katungu. Binti wa upande wa Oicha, mama yake Masika alikuwa analima kakao pembeni ya pori. Fasi ya tano bengi banaikimbia, juu ina ule mulio wa kuvuta, áis, éis. Katungu aliipenda. Alikuwa na sauti ya mafua, sawa mutu mwenye ameamuka sasa hivi, na alikuwa anachelewa nusu pumuzi. Mutwangio inashuka, tunangojea, halafu: "Laváááis."

Mbambu, ule wa fasi ya sita, mutoto wa kuchokoza, alikuwa anamuambia: "Katungu, hiyo mukia yako inatoka Kasindi, ku mupaka?"

"Iko ku duane," Katungu anajibu. "Bado banaifanyia papier."

Tunacheka. Na sombe inatwangika.

Grandes vacances, likizo ya masomo, ikafika, Katungu akaenda kusaidia mama yake kuvuna kakao. Kule munakujua, sina ya kubaeleza. Batu ba bunduki bakatoka mu pori, bale ba shamba bakakimbia kila mumoja njia yake, na wakati balikutana ku barabara, Katungu hapana. Masika alimutafuta Oicha, alimutafuta Beni, ku ba hopital, ku ba kanisa zenye badeplacé, bakimbizi ba vita, balikuwa banalala. Hapana. Akakuya Butembo na sufuria ku kichwa, akakaa kwa kaka yake mukubwa, Kambale.

Kambale musimuchukie. Ni mutu muzuri, muuzaji wa mbao, mutu wa kanisa, alimupatia dada yake chumba yake mwenyewe. Mais alikuwa na batoto badogo bengi mu nyumba, na kilio yenye haina mwisho inachosha nyumba. Miezi ikapita. Bazee ba familia bakakaa, bakasema tufanye vile tunafanyaka. Munajua vile tunafanyaka? Kama mutu amepotea na mwili haionekane, familia inakata shina ya mugomba, urefu wa ule mutu. Banaivalisha nguo yake. Banailia, banaizika. Vile kilio inapata fasi ya kukaa, na ule mutu mwenyewe anapata fasi ya kulala.

Balikata shina. Balivalisha ile shina shemishe nyeupe ya masomo ya Katungu. Bakaizika nyuma ya nyumba ya Kambale, pembeni ya migomba. Mi nilikuwako na babinti bangu tano, tuliimba. Masika hakuanguka, hakupiga kelele. Alikuwa tu anaangalia ile shemishe, na mu sikio yangu akaniambia: "Koko, angalia. Kifungo ya juu balisahau kufunga. Atasikia baridi."

Sasa mufungule masikio vizuri.

Mbele ya kuzika, ile fasi ya tano ku banc ilikuwa inanyamaza. Mi sikutaka kuweka mutu mwengine pale. Tulikuwa tunapita: mutwangio ya tano inashuka, kimya, mutwangio ya sita, Mbambu anasema yake. Tulishazoea ile kimya sawa unazoea fasi ya jino yenye ilitoka.

Kisha kuzika, wiki ile ile, tulikuwa tunasoma asubui, ukungu ilikuwa bado imejaa mu bonde, haukuone ata mabati ya jirani. Verbe ya kufagia. Tu! "Barro." Tu! "Barres." Tu! "Barre." Tu! "Barremos." Tu!

"Barrééis."

Nusu pumuzi nyuma. Na mafua.

Mbambu akasema "barren", juu kinywa ilishazoea kufuata, kisha akaziba kinywa na mikono mbili. Hakuna mwenye alipiga kelele. Mi nikainua mutwangio, nikabaangalia mumoja mumoja.

"Nani anacheza?" nikauliza.

"Hapana siye, Koko," bakasema. "Koko, pengine ni weye?"

"Miye na sauti yangu ya kuku? Ile nitaitosha wapi?"

Mutaniuliza, Koko, ulifanya nini? Nilimaliza sombe. Munazania nini? Sombe haitwangwe nusu. Verbe nayo haiachwe nusu, hiyo ni shauri ya kazi, andika: ata kama kitu imekutisha, peleka batoto mpaka ku mukia ya mwisho, njo utakimbia.

Siku ya kesho ikarudilia. Na ya kesho yake. Haikutoka mu bonde, haikutoka mu jiko. Ilikuwa inatoka pale pale ku banc, kati ya wa ine na wa sita, fasi yenye mbao ilikuwa kavu na tupu. Babinti bale bawili ba pembeni bakaanza kukaa bakibanana ku kila upande, na ile fasi ikabakia mukubwa kuliko mutu.

Nikamuita Maître. Alikuya na suruali yake ya pasi, akasimama, akasikiliza, "cortáis" ikatoka. Akasema: "Koko, ezali écho. Ni echo, bonde inarudisha sauti."

"Echo yenye inachelewa kwa mukia moja tu?"

Akawaza. Mutu wa akili, ule Maître, na ile yenye aliwaza mi siwezi kuiwaza. Akasema: "Kama ni echo, ao kama ni masikio yetu inakumbuka tu, itarudilia zile verbe Katungu alizosoma. Tuipatie verbe mupya. Mwenye hayuko hapa hawezi kujua mupya." Na akatoa verbe yenye hatukusomaka ku ile banc ata siku moja: esperar.

Nikashusha mutwangio. "Espero." "Esperas." "Espera." "Esperamos." Tu.

Tukangojea. Maître akaanza kutabasamu, akainua kidole sawa ku kalasi.

"Esperáááis."

"Nzambe na ngai, Mungu wangu," Maître akasema pole pole. Si nilibaambia? Ukijua moja, unajua na yenye hauyasikia. Tangu ile siku Maître alifundisha akisimama ku mulango ya lupango, mukono moja ku moto yake, ile pikipiki, na babinti banasikia vizuri tu, juu hofu inafungula sauti.

Mambo haifichame Butembo. Masika akasikia. Akakuya na miguu, akapanda ile kilima yote, akakaa ku banc, fasi ya tano yenyewe, na mi nikasema mu roho, leo itanyamaza, juu fasi imejaa. Haikunyamaza. Ilisema pale pale karibu ya shingo yake. Masika hakuruka. Alifunga tu macho sawa mutu mwenye banamusuka nyele.

"Ni yeye," akasema. "Ile neno ya mwisho yenye munasema alijibu, ile mupya, inasema nini?"

Nikaangalia Maître. Maître akaangalia moto yake.

"Inasema munangojea," nikamuambia.

Maître akakaribia kidogo, na heshima: "Mama Masika, musikamate vile. Haiseme kitu. Inajibu tu verbe yenye tuliipatia."

"Maître, weye ulisoma, mi sikusoma," Masika akamuambia. "Mais mutoto akisema ningojee, ata kama ni ya masomo, nitangojea."

Akarudi kwa Kambale, akamuambia: tufungule ile kaburi, mutoto hakufa. Kambale alikuwa anakula, akaacha kukula.

"Masika dada yangu. Kaburi ikisha kufungwa haifungulwe bure. Ikifungulwa inaomba mutu. Utaipatia nani? Batoto bangu?"

Na Masika alipenda bale batoto. Akaacha kuomba. Mais kila siku ya verbe alikuwa anapanda kilima, anakaa ku fasi ya tano, anasikiliza, anashuka. Babinti bakamuzoea, ata Mbambu akarudilia kuchokoza: "Mama, ile gari ya leo imechelewa." Na Masika anajibu: "Iko ku duane." Sijue nani alimufundisha ile jibu. Si miye.

Halafu, miezi kisha kuzika, Katungu akarudi.

Ilikuwa muchana, siku ya jua kali, hapana ukungu. Kamyo ya mbao kutoka Beni ikasimama kwa Kambale kushusha mbao, na juu ya mbao kulikuwa binti. Dereva akasema basoda, baaskari, balimukuta ku barabara karibu ya Oicha, anatembea katikati ya lami, pole pole, alikuwa na nguo ya mutu mukubwa. Mu Beni mama mumoja wa soko alimutambua, akasema mumupeleke kwa mujomba yake Kambale. Haseme kitu, dereva akasema. Tulimuuliza jina njia yote. Haseme.

Masika alitoka mu jiko na mikono ya unga, akamushika. Katungu alikubali kushikwa sawa mubao unashikwa.

Kambale akasimama mu mulango ya nyumba, mikono yote mbili ku mbao za mulango, kuume na kushoto. Nyuma ya miguu yake batoto banachungulia.

"Huyu tulimuzika," akasema. "Masika, mi nilimuzika na mikono yangu. Mutu mwenye alizikwa haingie mu nyumba na mulango."

"Kaka, ni Katungu!"

"Ni sura ya Katungu. Sauti iko wapi? Munasema sauti iko kule kwa Koko ku banc. Basi huyu ni nani?"

Na jirani bote benye balikuwa ku lupango bakasema ndiyo, huyu ni nani? Mama mumoja akavuta mutoto wake nyuma. Mwengine akasema bamurudishe kwenye alitoka. Munasikia? Bamurudishe mu pori.

Masika akatuma mutu kwangu: "Koko akuye na banc."

Banangu, muliona wapi banc kupanda chukudu, ile baisikeli ya mbao? Tuliifunga ku chukudu na kamba, na kinu juu yake, na kijana wa chukudu anapiga filimbi, babinti bangu tano banashika pembeni, tunashuka kilima ya vumbi mbio, mi nyuma nashika mutwangio sawa soda na bunduki. Batu ba barabara banauliza: "Koko, ni ndoa?" Nikajibu: "Sijue bado!" Na kweli sikujua.

Tuliweka banc katikati ya lupango. Kambale akasema bote basikie: "Kama ni Katungu, atasema ya fasi yake, na nitatoka mu mulango. Kama hapana, kamyo iko inarudia Beni leo, itamubeba."

Masika akamukalisha Katungu ku fasi ya tano. Akakaa, mikono ku magoti. Mbambu, pembeni yake, alikuwa analia bila mulio, mais hakuhama. Alisogea karibu yake, mabega ikagusana. Ile mi sitaisahau.

Verbe gani? Nilitafuta mu kichwa, nikashika ile ya kusema. Hablar. Kinu haikuwa na sombe, ilikuwa tupu, ikalia sawa ngoma.

Tu. "Hablo." Tu. "Hablas." Tu. "Habla." Tu. "Hablamos."

Tu.

Mutwangio ikabakia chini. Sikuiinua. Nusu pumuzi ikapita. Pumuzi moja ikapita. Kinywa ya Katungu ilikuwa imefungwa, mi naiangalia, kila mutu anaiangalia. Masika alikuwa anasogeza midomo yake mwenyewe, sawa mama mwenye analisha mutoto. Kuku moja ikapita katikati yetu. Kambale akaanza kusema: "Munaona..."

"Habláááis."

Sauti ya mafua. Mais haikutoka ku banc. Ilitoka nyuma ya nyumba, kule ku migomba. Na kinywa ya Katungu haikufunguka. Yeye aligeuza tu kichwa, pole pole, akaangalia kule, sawa mutu mwenye banamuita mu soko.

Wee mama! Jirani bakakimbia, ukuta ya miti ya lupango ikaanguka, viatu zikabakia. Dereva akasahau mbao zake. Tukabakia siye ba banc, Masika, na Kambale mu mulango yake, rangi ya uso wake imekuwa majivu.

Masika akageuka. Alienda kando ya jiko, akachukua jembe.

"Masika, hapana," Kambale akasema. "Nakuomba. Inaomba mutu."

"Haiombe mutu, kaka. Inamushika mutu. Tuliipatia nguo yake, tukailia na jina yake, ikakamata sauti. Mi nataka ile yangu."

Akaenda ku migomba, akaanza kuchimba. Siye nyuma yake, na Katungu katikati yetu, anatembea vizuri, kama anajua njia. Udongo ilikuwa nguvu, na Masika alikuwa amekonda. Jembe inapanda, inaanguka. Halafu Kambale akakuya, akamunyanganya jembe mu mikono. Mi nikasema, sasa ataitupa. Hakuitupa. Akatosha koti.

"Mwanamuke hatachimba kwangu mi naangalia," akasema. Na akachimba, akiomba Mungu na kinywa, jasho na machozi pamoja.

Shina ya mugomba inaozaka mbio, munajua, mwezi moja na imekuwa maji. Ile haikuoza. Ilikuwa mbichi, mubichi sawa jana njo tuliikata, mu shemishe nyeupe. Mais ilikuwa imejaa, namna gani nitabaambia, imenenepa ku fasi ya mabega. Na kifungo ya juu ilikuwa imefungwa.

Kambale na Masika bakaishika, huyu huku na huyu kule, bakaitosha, bakailaza pembeni. Masika akafungula vifungo moja moja, akatosha shemishe, akaikunguta udongo. Ile saa Katungu akakohoa. Akakohoa sawa mutu mwenye alikuwa mu vumbi mingi, akakohoa mpaka akapiga magoti, Mbambu anamushika tumbo. Akatema mate. Akainua uso.

Hapana Kiespanyole. Alisema na Kinande, luga ya mama yake, na ile sauti ya mafua: "Mama, niko na njaa."

Masika akakaa chini mu udongo. Kambale akasimama na jembe, akamuita muke wake kwa nguvu yote, kama nyumba inaungua: "Mama Muhindo! Weka maji ya bugali! Mingi! Mu ile sufuria ya sikukuu!"

Shimo akaifukia peke yake. Shina, alisema tuiache, ilale pale ku migomba benzake, hapana mutu kuigusa. Na Katungu akaingia na mulango. Batoto ba Kambale bakamuangalia, mudogo wa mwisho akamugusa mukono na kidole, akasema: "Iko na moto." Bugali ikaiva, na maharagi, na sombe ya jirani mwenye alirudi kutafuta kiatu yake na haya. Katungu alikula, alikula, siye bote tunamuangalia sawa ni cinéma. Mbambu akaanza kuchokoza tena. Mi nilikuwa nacheka mpaka mbavu inauma.

Kisha Katungu akaacha kukula. Mu sahani kulikuwa nusu ya bugali na nusu ya maharagi. Hakugusa tena. Akaisukuma pole pole mpaka mbele ya mama yake.

"Hii ni ya ule mwengine," akasema.

Kambale akaangalia mikono yake. Masika akaangalia binti yake, akaangalia mulango ya nyuma yenye ilikuwa wazi, na kule inje ile kijani ya migomba, kwenye ile shina ilibakia imelala. Akaamuka. Akachukua sahani ingine, akafunika ile ya kwanza vizuri, vile tunafunikiaka mutoto mwenye bado yuko njiani, chakula isipoe, na akaipeleka kule na mikono mbili.